Benchi la Watu Wanne

Neema, mwenye studio karibu na stendi ya Same, ameniagiza niandike habari za kazi yangu kwa ajili ya wapiga picha vijana, na akaniomba nisiwe mkali. La kwanza nimelikubali. Yeye ndiye anayeendesha lile kundi letu la simu, na anasema siku hizi mmezipenda kamera kubwa za sanduku, zile za mzee kujifunika shuka, na mnataka niwashirikishe. Haya, nawashirikisha. Cheo sikupata hata kimoja, kwa hiyo hilo tumelimaliza. Mshahara nilijilipa mwenyewe, na mwajiri alikuwa bahili. Yaliyobaki ni kazi tu, pamoja na picha moja niliyoipiga miaka ya dhiki, ambayo mwaka jana nusura imtoe mjane wa Chome ndani ya nyumba yake. Nitafika huko. Msiruke kurasa kwa kidole kama mnavyoruka picha za wenzenu.

Nilishuka Same kutoka Chome nikiwa kijana, natafuta kazi yoyote isiyo na jembe. Nikapokelewa na Mzee Salehe, mtu wa Pangani aliyekuja huku kukata mkonge, akagundua kwamba mkonge una miiba, akahamia kwenye picha. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Mbele ina lenzi ya shaba na mikunjo ya ngozi, nyuma kioo cha ukungu, na juu shuka jeusi la kujifunikia. Mkanda haikuwa nao. Unachomeka kipande kimoja cha filamu, kikubwa kama daftari, unapiga picha moja, basi. Ukikosea, umekosea daftari zima.

Siku yangu ya kwanza alikuja bwana mkubwa mmoja mwenye tai na kitambi. Mzee Salehe akaniambia nijifunike shuka nitazame. Nikatazama, nikamwona yule bwana miguu juu, kitambi kimepanda juu ya kidevu. Nikacheka. Nikapigwa kofi la kisogo kupitia kwenye shuka.

"Unacheka nini?"

"Yuko miguu juu, mzee."

"Humu wote huwa miguu juu. Wewe angalia kama shingo imenyooka."

Tangu siku hiyo sijamwogopa mtu mwenye tai, nami namshukuru marehemu kwa hilo. Alinifunza pia kunawa mikono kabla ya kugusa filamu, kuishika pembeni tu, na kutomwambia mteja acheke. Nyie mnawaambia watu wacheke. Lenzi ile tulikuwa tunaifungua kwa kutoa kifuniko kwa mkono, unahesabu moja, mbili, tatu, unakirudisha. Mtu akicheka kwenye mbili, kwenye tatu ana midomo minne. Ndiyo maana babu zenu wote wamenuna pichani. Hawakuwa na hasira na mtu, waliambiwa watulie.

Mzee Salehe alirudi kwao Pangani kupumzika, akaniachia sanduku. Aliniachia wakati mzuri kweli! Ilikuwa ile miaka ambayo duka lilikuwa na kaunta, muuzaji na rafu, na kwenye rafu kuna muuzaji mwingine amelala. Sukari foleni, sabuni foleni, betri ya redio mpaka umjue mtu. Filamu haikuwa hata na foleni, maana foleni hupangwa panapotarajiwa kitu. Na hapo hapo, oneni mambo ya serikali zote duniani, kila ofisi ilikuwa inataka picha. Ukitaka kadi, picha mbili. Mtoto akifaulu, picha nne. Chumvi hakuna, lakini sura yako inatakiwa, tena mara nne.

Nikaokolewa na bwana mmoja wa eksirei. Hospitali yake siitaji, na jina lake nimelisahau kwa makusudi. Alikuwa na maboksi ya filamu za kupigia mifupa zilizopitwa na wakati, yamekaa kabatini yanangoja kutupwa. Tukakubaliana kwamba ananipa maboksi, mimi nawapiga picha wanawe, na alikuwa nao wengi. Basi miaka kadhaa watu wa Same nzima walipigwa picha kwa filamu ya kutafutia mbavu zilizovunjika.

Nyie mnaopenda mambo ya ufundi, sikilizeni hapa. Filamu ya eksirei ina dawa pande zote mbili, kwa hiyo inachubuka ukiitazama vibaya. Uzuri wake ni kwamba haioni wekundu. Unaweza kuikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku unaona unachofanya. Ubaya wake ni kwamba haioni wekundu. Kwaya moja ya Chome ilikuja na sare nyekundu mpya, wamezipigania mwaka mzima, na kwenye picha zikatoka nyeusi ti! Mwalimu wa kwaya akaniuliza nani amekufa. Na sisi wenyewe, weusi wa kawaida tu, tulitoka kama tumechomwa mkaa. Siku hizi mnawasafisha wateja ngozi kwa simu mpaka mama mzazi anauliza huyu ni nani. Mimi nilikosea upande wa pili, angalau yangu ilikuwa shida, si tamaa.

Sasa benchi. Maboksi yakapungua, nikaanza kukata kila filamu vipande viwili. Yakapungua tena, nikapima kwa rula. Nikaona nusu filamu, ukiilaza, inawatosha watu wanne waliobanana, kila mmoja anapata upana wa picha ya pasipoti kamili. Nikamwomba seremala benchi fupi, fupi kwa makusudi. Ukija kupiga picha, unakaa benchini na kungoja wenzako watatu. Hamjuani, hamtoki kijiji kimoja, pengine hamsalimiani hata kwa lugha moja. Wakitimia wanne nawasogeza bega kwa bega, nafungua lenzi moja, mbili, tatu, nasafisha, nachapisha karatasi mbili au nne, halafu nawakata kwa mkasi. Kila mtu anaenda na sura yake ofisini.

"Bado mmoja!" nilikuwa napiga kelele pale mlangoni kutwa nzima.

Wachaga labda wangetafuta filamu Nairobi. Sisi Wapare tulibanana. Siku moja nilimkalisha mama mmoja wa kanisani pembeni ya mzee wa Kimaasai aliyekuja kutoka mbugani kufuatilia karatasi za ng'ombe. Mama akaniuliza kwa kunong'ona kama hakuna nafasi nyingine. Nikamwambia, mama, ni hesabu ya tatu tu. Nilipokata, mkasi ukapita upande, na kadi ya yule mama ikatoka na sikio la mzee, hereni ya shanga na yote, limetua begani kwake. Akaja kunigombeza. Nikamwambia filamu nyingine ipo hospitali, akavunjike mkono kwanza. Kadi za Same za miaka ile ndivyo zilivyokuwa, kila mtu ana kiungo cha jirani.

Vile vipande vya filamu vyenyewe, negativu, sikuvikata kamwe. Niliviweka nzima, watu wanne wanne, kwenye bahasha za eksirei. Majina sikuandika. Kalamu nayo ilikuwa ya kutafuta, na nani angetaka kujua?

Ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Ghafla madukani kuna kila kitu, sabuni za maumbo yote, suti za mitumba kutoka kwa marehemu wa Ulaya, na kamera ndogo za plastiki. Kila kijana aliyekwenda Dar wiki mbili alirudi mpiga picha. Rangi! Watu walitaka rangi tu. Filamu ilipelekwa Moshi, inarudi baada ya wiki, nusu ya watu hawana vichwa, lakini wana rangi. Sanduku langu wakaliita jeneza. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alipita dukani kwangu na picha ya rangi iliyopigwa Hedaru, nyuma yake maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani, akaniambia, "Fundi, ona, nimekwenda mahali." Alikuwa amekwenda Hedaru. Niliumia, sitaki kuwadanganya. Na mimi nikanunua kamera ndogo, nikachora maporomoko yangu, tena makubwa zaidi.

Sanduku likakaa juu ya kabati mpaka simu zenu zilipokuja kuimaliza ile kamera ndogo nayo. Ndipo Neema alipoingia dukani, mwaka juzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Picha au mazungumzo?"

"Ile kamera, babu. Tufundishe."

Wakaja vijana sita, kila Jumamosi. Kuna aliyeuliza chaji inachomekwa wapi. Kuna aliyejifunika shuka, akatoka, akaniambia kamera ina hitilafu, inaonyesha watu kinyume. Lakini nilifurahi, wanangu. Nilifurahi sana, na furaha ya mzee ni kitu cha hatari. Nikawatolea zile bahasha. Neema akalaza negativu juu ya simu yenye mwanga mweupe, akaipiga kwa simu ya pili, akageuza weusi ukawa weupe. Watu wanne waliobanana wakatokea, safi kabisa, kila kifungo kinahesabika. Nusu filamu ya eksirei! Simu zenu hazifikii hapo, na hilo naomba mlikubali kwa moyo mmoja.

Neema akampelekea picha hizo mtaalamu mmoja wa sanaa wa Dar. Yule dada alikuja na miwani mikubwa na daftari, akaangalia benchi baada ya benchi. Halafu akaniuliza.

"Mzee Samweli, hawa watu wamegusana mabega. Kila picha. Ulikuwa unatuambia nini?"

Jibu lilikuwa jepesi. Nilikuwa nawaambia filamu hakuna. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama lile maishani, wala kunitazama vile. Nikakohoa. Nikasema, "Umoja."

Akaandika. Mama yangu, alivyoandika! Akaniuliza kama wale ni ndugu, nikasema Upareni wote ni ndugu. Picha tano zikakuzwa, zikatundikwa kwenye maonyesho Moshi. Ile ya katikati ilikuwa ya watu wanne, mwanamume wa shati la mistari na mwanamke wa leso yenye maua wako katikati, wengine wawili pembeni. Chini yake waliandika "Ukoo", wakaniletea nisaini. Nikasaini kwa mwandiko wa madaha, mkia wa herufi ya mwisho ukazunguka mara mbili. Watu wa Moshi walinipa mkono kwa mikono miwili.

Neema naye akaitia kwenye ukurasa wake wa simu. Ukurasa unataka picha ya mraba, watu wanne hawakuenea, akawakata wawili wa pembeni. Sikuwa nimemwambia benchi lile lilikuwa la nini, kwa hiyo simlaumu. Akabakiza shati la mistari na leso ya maua, bega kwa bega, na chini yao neno Ukoo na saini yangu, akaandika: "Mapenzi ya zamani. Kutoka picha ya Ukoo, kazi ya Mzee wetu Samweli." Akaweka mioyo. Jumatatu asubuhi nikaiona, watu mia na kitu wameshasema hiyo ndiyo ndoa, siku hizi hakuna.

Yule mwanamume nilimjua mara moja. Alikuwa Elieza wa Chome, aliyefariki miaka miwili nyuma, tena tulicheza pamoja utotoni. Mkewe ni Nakijwa, na wana mabinti watatu. Mwanamke wa leso sikumjua. Alikuwa mtu wa benchi.

Mwanawe lakini alimjua. Hedaru, pale malori yanapoegeshwa, kuna muuza vipuri anaitwa Godlisten. Alilelewa na mama peke yake, muuza vitunguu, na mama alikufa bila kumtajia baba. Alichomwachia ni kadi ya zamani yenye picha yake ya leso ya maua, na pembeni ya picha, mahali mkasi wangu ulipokuwa mvivu, kuna bega la mwanamume la shati la mistari. Miaka yote kijana yule alikuwa na bega. Jumatatu ile akaona kwenye simu mwenye bega, amekaa na mama yake, na mzee mzima aliyesaini kwamba ni ukoo. Akauliza pale pale ukurasani, mtu akamtajia jina na kijiji, na Jumatano alikuwa Chome.

Aliyempokea ni Zefania, mdogo wake marehemu. Zefania ana macho yake kwenye shamba la kaka yake la tangawizi tangu kaka hajaugua. Mabinti watatu wa Elieza hajawahi kuwachinjia hata kuku, Godlisten akachinjiwa beberu. Mtoto wa kiume amepatikana! Shamba na nyumba ni vya mtoto wa kiume, na kwa kuwa mtoto ni mgeni, ami yake atamsimamia. Nakijwa akaambiwa aanze kuzungumza na binti yake mkubwa kuhusu chumba cha kuhamia. Akatoa kadi ya zamani ya Elieza kuonyesha kwamba mumewe alipigwa picha peke yake. Wakaitazama, wakaona kipande cha leso ya maua begani. Wakamwambia, si unaona? Kikao cha ukoo kikapangwa Jumanne inayofuata.

Habari hizo zote nilizipata Alhamisi, maana binti yake mkubwa alinipigia.

"Shikamoo baba. Mama anauliza, ile picha ni ya nini hasa?"

Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nilikuwa na barua ya yule dada wa miwani. Alitaka kuyapeleka maonyesho Dar, na nije mwenyewe nizungumze juu ya umoja. Mtu akizungumza juu ya umoja hawezi kuanza na mkasi. Nikamwambia yule binti, "Picha za zamani zina mambo yake, mwanangu. Zinataka utulivu."

Ndivyo nilivyosema. Akanishukuru, akakata simu. Nakaa hapa naandika na masikio yanawaka moto.

Ijumaa ikapita, Jumamosi nikawafundisha vijana kushika filamu pembeni, Jumapili nikaenda kanisani nikaimba. Jumatatu Neema akaja dukani uso umemshuka, amesikia ya Chome.

"Babu, hawa kweli ni mke na mume?"

Nikamweleza yote, maboksi, nusu filamu, benchi fupi, mkasi. Alikaa chini.

"Na umoja?"

"Filamu haikuwepo, Neema."

Akataka kuifuta picha. Nikamwambia ukifuta watasema tumeficha, kesho tunapanda Chome. Akaniuliza nitawaambia nini watu wa Dar, nikamwambia watu wa Dar wana nyumba zao.

Tukapanda na pikipiki mbili, sanduku limefungwa nyuma yangu kwa mpira, ile njia mnaijua. Tulikuta ukoo mzima uani kwa Nakijwa, sufuria la makande jikoni, mchungaji amealikwa awe shahidi, amekuja na mkewe. Sisi Wapare tunasemwa kwamba mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, basi fikirieni kesi ya shamba la tangawizi. Nikaomba kusema. Nikawaambia wale wanne kwenye picha walikuwa wateja, hawakujuana, niliwabananisha kwa sababu ya uhaba wa filamu, kisha nikawakata.

Zefania akainuka taratibu, simu mkononi.

"Fundi, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Juu yake pameandikwa Ukoo."

"Pameandikwa."

"Sasa tuambie. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile," nikasema. "Niliulizwa na watu wenye miwani, nikaona raha."

Wengine wakacheka, lakini wazee hawakucheka. Mmoja akasema mtu aliyedanganya mara moja anaweza mara mbili. Ndipo nikafungua sanduku. Filamu sikuwa nayo hata kipande, haikuhitajika. Nikasimamisha kamera, nikaomba benchi fupi la jikoni. Nikamkalisha Zefania, kwa kuwa alikuwa amesimama tayari. Pembeni yake nikamwomba mama mchungaji, na huku na huku wazee wawili.

"Sogeeni. Sogeeni zaidi. Mama mchungaji, ni hesabu ya tatu tu."

Nikasogeza kamera karibu mpaka wale wawili wa pembeni wakapotea, wakabaki Zefania na mama mchungaji, bega kwa bega. Nikawaita wazee wengine waingie kwenye shuka mmoja mmoja.

"Mnaona nini?"

"Mke na mume," akasema wa kwanza, "ila wako miguu juu."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Mchungaji akaingia, akakaa humo kitambo, akatoka akipangusa miwani. Wa nne alikuwa mke wa Zefania. Aliingia, akatoka, akamtazama mumewe.

"Nimeona," akasema. "Sasa toka hapo."

Uani pakavunjika kwa vicheko. Zefania aliondoka benchini kama limeshika moto, na hakurudi kukaa popote. Mzee aliyeniita mwongo akasema kwa Kipare kwamba kesi imekwisha, makande yaletwe. Neema akaichukua simu yake, akaiweka picha nzima ya watu wanne, na chini akaandika maneno niliyomtajia: "Hawajuani. Filamu haikuwepo."

Godlisten hakucheka. Alikuja kwenye kamera, ameshika ile kadi ya mama yake.

"Kwa hiyo mama alikuwa amekaa tu?"

"Alikuwa amekaa tu, mwanangu."

"Walikuwa hawajuani kabisa?"

"Walikutana saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilishawatenganisha."

Aliitazama kadi, akaitia mfukoni, akaomba njia ya kushukia barabarani. Hakungoja makande. Nilimwonea huruma kuliko nilivyoweza kusema, kwa sababu nilimpa baba kwa saini na nikamnyang'anya kwa benchi, na yeye hakuwa ameniomba chochote.

Nakijwa muda wote alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake, mikono magotini. Nilimfuata kumuaga, nikitegemea shukrani. Naam, nilitegemea, niandike ukweli. Hakuinuka.

"Fundi, ulijua lini kwamba hawajuani?"

"Siku ile ile ilipotoka kwenye simu."

"Leo ni siku ya ngapi?"

Nikahesabu. "Ya tisa."

Akatikisa kichwa. "Siku zote hizo nimekwenda kaburini kila asubuhi, namuuliza Elieza yule mwanamke ni nani. Nimemtukana, Fundi. Miaka yote tuliyokaa naye sijawahi kumtukana. Yeye hakunijibu kwa sababu amekufa. Wewe ulikuwa na sababu gani?"

Sababu nilikuwa nayo, na nyie mmeshaisoma. Kumtamkia yeye pale kizingitini sikuweza.